Betri kwenye Buti: Habari ya Uzito, Matope na Safari Rally

Leo tuachane na siasa kidogo, maana zipo na zitaendelea kuwepo. Nataka tuzungumze habari za betri ya gari. Najua kuna atakayesema mwandishi ameishiwa, lakini nivumilieni. Ndani ya habari hii kuna kipande cha historia ya Afrika Mashariki ambacho sisi tuliozaliwa baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza hatukukishuhudia, na kuna jambo la hatari ambalo vijana wenzetu wanalifanya kila kukicha wakidhani ni mapambo.

Ukipita kwenye gereji ambapo vijana wanaandaa gari la mashindano, iwe Arusha, Moshi, Dar es Salaam au ng'ambo ya Sirari kule Kenya, mara nyingi utakuta boneti iko wazi na pale betri ilipokuwa pamebaki trei tupu yenye kutu. Betri yenyewe imehamishiwa nyuma, kwenye buti. Waya mnene mwekundu umepitishwa chini ya zulia kutoka nyuma hadi mbele. Muulize mwenye gari kwa nini amefanya hivyo, atakujibu moja kati ya mawili: ama gari linakuwa na balansi, ama magari yote ya rali yako hivyo. Jibu la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni historia, na historia hiyo ina umri mkubwa kuliko video tunazoangalia kwenye simu.

Tuanze mbali kidogo. Betri ya risasi na tindikali, ambayo kimsingi ndiyo hii hii tunayonunua leo, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, wakati gari lenye injini ya petroli bado halijaonekana duniani. Magari yalipokuja yaliwashwa kwa hendeli, na hendeli hiyo ikirudi kinyume iliweza kumvunja mtu mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ikatoa gari lenye starta ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na tangu siku hiyo betri ikawa mzigo mzito ambao lazima utafutiwe pa kukaa. Boneti za wakati ule zilikuwa nyembamba, kwa hiyo watengenezaji wengi waliificha chini ya sakafu au chini ya kiti. Ford Model T, gari la mwananchi wa kawaida wa Marekani, lilipowekewa starta mwaka 1919, betri yake ilikaa chini ya sakafu ya nyuma.

Yaani betri ilianza nyuma, ndipo ikahamia mbele! Boneti zilipopanuka, mafundi walifanya hesabu rahisi. Starta iko mbele, na starta inakula umeme mwingi mno kwa sekunde chache, kwa hiyo kadiri waya unavyokuwa mfupi ndivyo hasara inavyopungua. Magari mengi yalitumia volti 6, na kwa volti 6 unahitaji ampea mara mbili ya zile za volti 12 kufanya kazi ile ile. Waya mrefu maana yake ni shaba nyingi, na shaba ni fedha. Hakuna aliyeketi akaamua kwamba mbele ndiko kunakofaa zaidi kwa mwendo wa gari. Ilikuwa hesabu ya shaba.

Sasa njooni nyumbani.

Mwaka 1953, kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, kulifanyika mashindano ya magari yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Yakaitwa Coronation Safari. Waasisi wake, akina Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, hawakutaka mbio za kuzunguka uwanja kama punda wa kinu. Walitaka mtu aingie kwenye gari lake, afunge mlango, akate mbuga na milima, kisha arudi, na wa kwanza kurudi awe mshindi. Magari yaligawanywa katika makundi kwa bei ya dukani, jambo ambalo mimi naliona la kiungwana sana, na yalitakiwa yawe magari ya kawaida kama yalivyouzwa. Kwa maneno mengine, hayo yalikuwa mashindano ya watu wasio wataalamu: wafanyabiashara, wakulima, wenye gereji. (Wengi wao walikuwa walowezi, hilo tusilifiche. Kenya wakati ule ilikuwa chini ya hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, na Mwafrika katika picha za wakati ule mara nyingi utamwona akisukuma.)

Kama gari linatakiwa kubaki lilivyotoka dukani, basi kuhamisha betri hakumo kwenye mchezo. Lakini angalia nani anashinda. Orodha za washindi zinaanza na Alan Dix ndani ya Volkswagen, ile tunayoiita kobe. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha, Volkswagen tena. Mwaka 1957 Volkswagen. Mwaka 1962 Tommy Fjastad, Volkswagen. Gari hilo lilikuwa dogo, na nguvu zake haziwezi kumtisha mtu. Kilichokuwa tofauti ni mahali vitu vilipowekwa: injini iko nyuma, gia boksi iko nyuma, na betri, ambayo wengi hawaijui, iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Tairi zinazosukuma gari ni hizo hizo za nyuma, na karibu kila kitu kizito kimezikalia.

Mtu wa Manchira hahitaji mhandisi wa kumweleza faida yake. Kwetu kule wilaya ya Serengeti, jirani na Mugumu, udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa unageuka gundi. Pikapu tupu inakwama mahali ambapo pikapu yenye magunia ya mahindi imepita dakika tano zilizopita. Tairi ya nyuma inazunguka tu, inatema tope, gari halisogei. Ndipo utasikia kondakta anapiga kelele, "Wote nyuma! Dandieni nyuma!" Watu wanaruka juu ya bampa, wanarukaruka, tairi inang'ata ardhi, gari linatoka. Hakuna aliyesoma fizikia pale, lakini wote wanafahamu kwamba tairi inayosukuma lazima ilemewe.

Madereva wa Safari walifanya vivyo hivyo. Mashindano yalipohamishiwa wakati wa Pasaka, ambao ni wakati wa masika, matope yakawa ndiyo mpinzani mkuu. Baadhi ya magari yalifungwa vishikio kwenye mfuniko wa buti na mahali pa kukanyaga kwenye bampa ya nyuma, ili msoma ramani aruke nje, adandie na kurukaruka mpaka gari litoke kwenye tope. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7. Miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Katikati yake, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell na Peugeot 404 pia. Nawaambia hili kwa sababu nimegundua kwamba vijana wengi hapa nchini wanamfahamu Colin McRae lakini hawajawahi kusikia kwamba Safari iliwahi kuchukuliwa mara mbili mfululizo na dereva wa Tanzania.

Na kuna 1965. Joginder Singh, fundi wa Kenya ambaye aliwahi kuwa mfanyakazi wa doria wa chama cha wenye magari, akienda huku na huko kuwasaidia waliokwama barabarani, aliingia na mdogo wake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mashindano. Gari la mtumba! Wakaondoka wa kwanza, wakarudi wa kwanza. Nimemtaja kwa sababu yeye ndiye babu wa kweli wa hawa vijana wa gereji: mtu anayenunua gari lililochoka, analifungua mpaka boriti ya mwisho, analifunga upya kwa mikono yake, na anajua kila nati imekaa wapi na kwa nini. Baadaye alishinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, na watu wakamwita Simba wa Safari.

Wakati huo huku Ulaya kulikuwa na jambo linapikwa. Mwaka 1959 Alec Issigonis alitoa Mini, gari dogo ambalo injini yake iliwekwa kwa upande ili abiria wapate nafasi. Mbele kulijaa pomoni, betri ikapelekwa kwenye buti. Mwaka 1963 Ford na Lotus wakatoa Lotus Cortina, na pale betri ilihamishwa makusudi kwenda kwenye buti ili kusawazisha uzito. Mwaka 1968 ikaja Escort Twin Cam. Injini yake pana na kabureta zake ziliijaza boneti yote, betri ikakosa pa kukaa, ikaenda nyuma. Escort RS1600 iliyofuata mwaka 1970 ikaurithi mpango huo.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ukisikiliza simulizi za vijiweni utadhani kuna bingwa mmoja aliyeota usiku kwamba betri iende nyuma gari lipate mbio. Haikuwa hivyo. Sababu zilikuwa mbili, nafasi na uzito, na mara nyingi nafasi ndiyo iliyotangulia. Uzito ulikuja kama nyongeza, kama duka linapokupa pipi.

Mwaka 1972 ndio mwaka ninaoupenda katika habari hii yote. Safari ya mwaka huo ilianzia Dar es Salaam. Tangu 1953 hakuna dereva kutoka Ulaya aliyewahi kuja na kuwashinda wenyeji, na watu walishaanza kuamini kwamba haiwezekani, kwamba lazima uwe umezaliwa hapa au umekaa hapa ndipo uelewe vumbi na matope yetu. Kisha Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden wakashinda na Ford Escort RS1600. Wa pili akawa Sobiesław Zasada wa Poland na Porsche 911. Wa tatu Vic Preston wa Kenya, Escort nyingine.

Sasa fungua magari hayo mawili ya kwanza uangalie ndani. Escort ina injini mbele, betri iko nyuma kwenye buti. Porsche ina injini nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli, na 911 zilizotengenezwa kati ya 1969 na 1973 zilikuwa na betri mbili ndogo badala ya moja kubwa, zikiwa zimewekwa mbele kabisa, moja kila pembe. Kiwanda kilifanya hivyo kwa sababu pua ya gari ilikuwa nyepesi mno na ilikuwa ikielea kwenye kona. Kwa hiyo mshindi wa kwanza aliipeleka betri nyuma na wa pili aliipeleka mbele, na wote wawili walikuwa wakifuata akili ile ile: weka uzito mahali ulipopungua. Mtu akikwambia "magari yote ya rali betri iko nyuma", mwonyeshe hiyo Porsche.

Tupige hesabu, maana bila hesabu haya ni maneno ya kijiweni tu. Chukua betri ya kilo 15. Ilikuwa juu ya ekseli ya mbele, unaihamishia kwenye buti, sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma. Escort ya wakati ule ilikuwa na urefu wa mita 2.4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Betri imesafiri mita 3. Zidisha kilo 15 kwa 3, gawanya kwa 2.4, unapata kilo 18.75. Hizo ndizo zinazoondoka kwenye tairi za mbele na kuongezeka kwenye tairi za nyuma. Angalia kwamba ni zaidi ya uzito wa betri yenyewe, kwa sababu imepita ekseli ya nyuma na sasa inafanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa bembea. Kwa gari la kilo 900 hiyo ni kama asilimia 2 ya uzito wote. Si haba, lakini si miujiza. Spea tairi moja zaidi kwenye buti itakupa karibu kitu hicho hicho, na angalau ukipata pancha utaitumia.

Ila kuna gharama ambayo hesabu hiyo haionyeshi. Uzito ukikaa mwisho kabisa wa gari, mkia unakuwa kama kichwa cha nyundo: ukianza kuteleza kwenye kona unachelewa kusimama. Ndiyo maana wazoefu hawaisukumi betri mpaka kwenye taa za nyuma. Wanaileta karibu na katikati, nyuma ya viti vya mbele.

Na kuna gari ambalo halitaki kabisa jambo hili. Starlet, Vitz na wenzao wengi wanavutwa na tairi za mbele. Ukiondoa betri mbele, umeondoa uzito hasa pale unapouhitaji. Kwenye lami kavu, kwa dereva hodari, unaweza kupata faida kidogo kwenye kona. Kwenye tope unajichongea. Mini ilikuwa na betri nyuma tangu kuzaliwa na ilitesa sana kwenye theluji ya Monte Carlo, lakini Safari haikuwahi kuishinda. Sisemi ni kwa sababu ya betri, ilikuwa ndogo na iko chini mno kwa mawe yetu. Nasema tu kwamba kunakili gari la mwenzako bila kuangalia linasukumwa na tairi zipi ni sawa na kunakili majibu ya mtihani wa darasa jingine.

Sasa tuje kwenye ile nusu ya somo iliyodondoka njiani.

Betri ikiwa mbele, waya wake mkubwa una urefu wa mkono tu. Ukiipeleka nyuma, unapitisha mita 4 za waya ndani ya gari zima, na waya huo wa starta kwa kawaida hauna fyuzi. Ukitumia waya mwembamba, tuseme wa milimita 16 za mraba, starta ikivuta ampea 200 unapoteza karibu volti 0.9 njiani, na asubuhi ya baridi ukiwa na betri iliyochoka gari litakohoa tu. Ukitumia wa milimita 35 hasara inashuka hadi karibu volti 0.4. Wengi hugundua tatizo hili mapema kwa sababu gari linagoma kuwaka. Tatizo la pili halipigi hodi. Waya unapita kwenye tundu la bati, bati lina makali, gari linatikisika kilomita baada ya kilomita, ganda la waya linakwanguliwa kidogo kidogo. Siku shaba inapogusa bodi, unakuwa umewasha mashine ya kuchomelea ndani ya gari lako. Na magari mengi bomba la petroli linapita njia hiyo hiyo, na tangi la mafuta liko huko huko nyuma ulikoipeleka betri.

Kuna na hewa. Betri inapochajiwa inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifikia kama asilimia 4 ya hewa iliyofungiwa mahali, cheche moja inatosha. Mbele chini ya boneti upepo unaipeperusha. Ndani ya buti, au nyuma ya kiti, haina pa kwenda. Halafu kuna tindikali ya salfa inayopelekwa huku na huko kila gari linaporuka.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, lina kanuni zake kuhusu hili, na ukizisoma kwa utulivu utaona kila mstari una harufu ya moshi wa ajali fulani. Betri ikihamishwa kutoka mahali pake, lazima ikae kwenye kiti cha chuma na kushikwa na vibano viwili vya chuma vilivyofunikwa kwa kitu kisichopitisha umeme, vikafungwa kwenye sakafu kwa bolti na nati. Bolti hizo zisipungue kipenyo cha milimita 10, na chini ya bati kila bolti iwe na kipande cha chuma chenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita 20 za mraba, ili isichomoke na bati lake. Betri ya maji iwe ndani ya boksi la plastiki lisilovuja. Ikikaa pamoja na watu, iwe nyuma ya viti vya mbele tu, na boksi liwe na njia ya kupumulia inayotokea nje ya gari. Tena kuwe na swichi kuu inayokata umeme wote na kuzima injini, inayofikiwa kutoka ndani na kutoka nje, na nje iwekwe alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, ili mwokoaji ajue pa kukimbilia.

Nimeona kwa macho yangu, katika gereji moja ya kanda ya ziwa ambayo sitaitaja, betri iliyofungwa kwenye buti kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tyubu! Kwenye pigo la ajali, ambapo gari linasimama ghafla kwa nguvu mara 20 ya mvutano wa dunia, betri ya kilo 15 inavuta kama mzigo wa kilo 300. Kati yake na shingo ya dereva kulikuwa na kiti cha nyuma kilichoondolewa ili kupunguza uzito. Na vifaa vya kuifunga inavyotakiwa, yaani vibano, bolti, vipande vya chuma, raba za kuziba matundu ya bati na fyuzi kubwa karibu na betri, havifikii hata bei ya tairi moja ya mashindano.

Nilijiuliza kwa nini kunakili kwetu kumekuwa kwa picha tu. Nadhani jibu moja liko kwenye historia. Safari ilikuwa shule. Joginder alijifunza kwa kuwaangalia wengine, na wengine wakajifunza kwake, na magari yalipita Kampala, Nairobi na Dar es Salaam huku mafundi wa mitaani wakisogea karibu kuchungulia. Kufikia 1975 mashindano yalikuwa yamebaki ndani ya Kenya, na maneno Afrika Mashariki yakaondoka kwenye jina lake. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakawa adimu, ikafika mahali magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Nani angeandaa gari la mashindano wakati huo? Kwetu Mara ulibaki na Land Rover za mbugani, ambazo kwa taarifa yako nyingi betri yake iko chini ya kiti cha mbele, na abiria ameikalia bila kujua. Mtumba wa Japani ulipoanza kumiminika miaka ya 1990, tukapata Subaru na Lancer, tukapata mapenzi ya mashindano upya, lakini wazee wa kutuonyesha mahali pa kutoboa bati na pa kuweka raba tulishapoteana nao.

Viwanda navyo havikuacha. Mitsubishi Lancer Evolution X, gari la dukani kabisa, ilitoka na betri kwenye buti. BMW nyingi zipo hivyo, na Mazda MX-5 ya kwanza pia. Lakini fungua uone: kuna trei yake, kibano chake, bomba dogo la kutoa hewa nje, waya uliolindwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukinunua gari la namna hiyo kazi yote imeshafanywa na watu waliolipwa kuifikiria.

Safari Rally ilirudi kwenye mbio za ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ikawekwa makao Naivasha. Mwaka uliofuata magari ya daraja la juu yalikuja na mfumo wa umeme wa kusaidia injini, wenye nguvu ya kilowati 100, na betri yake kubwa iliwekwa nyuma ya viti vya dereva na msoma ramani, ndani ya boksi gumu lililofungwa kabisa. Kalle Rovanperä akashinda na Toyota. Mfumo ule uliondolewa kuanzia msimu wa 2025, lakini kwa misimu yote mitatu uliotumika kila gari lilikuwa na taa ndogo zinazoonekana kutoka nje. Ikiwa ya kijani, gari linaguswa. Ikiwa nyekundu, usiliguse, hata kama limekwama kwenye tope na wewe na wenzako mmeshakunja suruali mkitaka kulisukuma.